Kitengela Isipojibu

Halmashauri ya sacco ya Tambarare ilikutana Kajiado siku ya Jumanne kuamua jambo moja tu, na Muteti akaenda amevaa tai. Ilikuwa tai ya harusi yake. Kazi yake haikudai tai: alitunza seva ya akiba katika tawi la Kitengela, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na mle ndani hakuna aliyemwona isipokuwa fundi wa kiyoyozi. Lakini Abdishakur angekuwa mkutanoni, na Muteti hakutaka kukaa karibu na Abdishakur akiwa na shati la kila siku.

Abdishakur ndiye aliyetunza seva kuu pale Kajiado. Kila shilingi ya mwanachama iliyoingia au kutoka, seva yake iliiandika, kisha ikatuma nakala kwa seva ya Muteti, mwendo wa saa moja na kitu kwa basi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye viatu safi hata siku za vumbi. Ungemuuliza Muteti jamaa huyo ana makosa gani, angekwambia hana. Hapo ndipo shida ilipokuwa.

Mwezi wa nne diski ya Kajiado iliungua. Walipohamia nakala ya Kitengela wakaikuta iko nyuma kwa dakika kumi na nane, na pesa zilizowekwa ndani ya dakika hizo hazikuwa mahali popote. Wiki mbili makarani walizisaka kwenye risiti na meseji za simu, wafanyabiashara wa mbuzi wakiwatukana mlangoni. Sasa halmashauri ilitaka kinga. Wenye programu walikuwa wamewaambia ziko aina tatu, wachague wenyewe.

"Mtueleze na Kiswahili ya watu," alisema Mzee Nashon, mwenyekiti, mfugaji wa Isinya.

Muteti alisimama kabla Abdishakur hajafungua daftari. "Ya kwanza ni ya mbio, Mzee. Kajiado inaandika, inatuma nakala Kitengela, inaendelea na kazi. Haingoji jibu. Hiyo ndiyo tumekuwa nayo, na mliona. Ya pili, Kajiado inauliza Kitengela, umeandika? Inangoja ijibiwe ndio mteja apewe risiti. Lakini Kitengela ikinyamaza kidogo, Kajiado inachoka kungoja, inaendelea pekee yake. Ya tatu ndiyo kinga kamili. Kitengela isipojibu, Kajiado haisongi. Inazima. Hakuna shilingi inaweza kupotea, kwa sababu hakuna shilingi itakuwa imeandikwa mahali pamoja tu."

"Ni kweli vile amesema," Abdishakur akadakia taratibu. "Lakini hiyo ya tatu inataka seva za akiba mbili, ndio moja ikilala ingine ijibu. Sisi tuko na moja. Hiyo moja ikipata homa, Kajiado nzima imelala. Mimi naomba ya pili."

"Anaomba nafasi ya kupoteza pesa ya watu tena," Muteti akasema.

Kila mtu pale alikumbuka diski iliyoungua ilikuwa ya nani. Abdishakur aliangalia daftari lake. "Sijasema hivyo, ndugu," akajibu. Kura zilipopigwa, saba walitaka kinga kamili na wawili wakataka ya pili. Madam Priscilla, meneja wa Kajiado, akaandika kwenye kumbukumbu kwamba uamuzi umefuata ushauri wa Bwana Muteti wa Kitengela.

Sasa nikwambie kilichokuwa moyoni mwa huyo Bwana Muteti, maana halmashauri haikukijua.

Mke wake, Mbeke, alikuwa karani wa dirisha la nne pale Kajiado. Aliondoka Kitengela alfajiri na kurudi magharibi, na mchana kutwa alikuwa jengo moja na Abdishakur. Muteti hakuwa na ushahidi wa lolote. Wivu nao, jamani, hauombi ushahidi, unaomba nafasi, na Muteti alikuwa na nafasi ambayo waume wengine hawana. Nakala iliyokuwa Kitengela inasomeka. Ndani yake mlikuwa na orodha ya kila karani: amefungua dirisha saa ngapi, amefunga saa ngapi, ametumia mashine gani. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu Muteti alikuwa akimsoma mke wake humo.

Kilichomkera ni kuchelewa. Nakala ya mbio ilikuja nyuma dakika kumi, siku za soko hata ishirini. Alipokuja kuona kwamba Mbeke amefunga dirisha, Mbeke alikuwa ameshapanda basi zamani. Muteti alitaka kuona dakika ileile, kila siku bila kukosa, na aina ya pili isingemhakikishia hilo. Alitaka Mbeke anapofunga tu, yeye apige simu, asikie ni sauti ya nani iko karibu naye. Kwa ajili hiyo alivaa tai ya harusi, akawatisha wazee wa watu kuhusu pesa zao.

*

Juma la kwanza la kinga kamili, Mbeke alifunga dirisha saa kumi na moja na dakika saba, na kabla hajafunga mkoba simu ikalia.

"Umemaliza?" Muteti akauliza.

"Ndio nafunga saa hii. Umejuaje?"

"Moyo tu."

Mbeke alicheka. Kwa kweli alifurahi, maana ilikuwa imepita miaka tangu mumewe amwambie neno la aina hiyo. Kesho yake simu ikalia tena dakika ileile, na kesho kutwa. Makarani wenzake wakaanza kumtania kwamba bwanake amemeza saa. Mbeke akawaambia wana kijicho, wakaolewe na wao.

Jioni moja alifika nyumbani saa moja na dakika tano, kama kawaida. Waliishi vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko la Kitengela, ambako vumbi la machimbo ya mawe huingia hata ukifunga dirisha. Binti yao Mumbua, wa darasa la pili, alikuwa amelala kwenye kochi na sare yake. Muteti alikuwa ameshapakua chakula na kukifunika.

"Leo Abdishakur ametununulia chai sisi wote wa madirisha," Mbeke akasema akivua viatu. "Ati tumezoea mtambo mpya haraka. Yule mtu ana roho nzuri. Ulimwaibisha kwa mkutano na bado anasema wewe ndiye unajua kazi."

"Alikwambia saa ngapi?"

"Saa ngapi aje? Saa ya chai."

"Alikuwa amesimama wapi?"

Mbeke akamtazama. "Baba Mumbua, alikuwa amesimama na miguu yake. Chakula ni gani?"

"Uliniambia basi iko haraka siku hizi. Ulifunga na dakika tisa. Sasa ni saa moja."

"Nani amekwambia nilifunga na dakika tisa?"

"Si nilikupigia?"

Kweli alikuwa amepiga. Muteti alihesabu tena kichwani: saa moja na robo ya basi, dakika tano za kutembea, na bado ikabaki zaidi ya nusu saa isiyo na mwenyewe. Kila siku ilibaki. Lisemwalo lipo, akajiambia, na hakuna mtu aliyekuwa amesema kitu isipokuwa yeye. Akafunua ugali, wakala.

*

Siku ya soko la mifugo Kajiado huamka na malori. Saa nne asubuhi foleni ya sacco ilikuwa imetoka nje ya mlango hadi kwenye geti, wanunuzi na wauzaji, shuka na kanzu na makoti, na askari wa geti amechoka kusalimu kwa Kimaasai, kusema supa na kuitikiwa ipa. Dirisha la nne likaharibika kibodi. Madam Priscilla akamwambia Mbeke asipoteze wakati, achukue droo yake ya pesa aende akahudumie kwenye mashine ya ofisi ya mitambo, ambayo ilikuwa na kishubaka upande wa ukumbi. Ofisi ya mitambo ilikuwa ya Abdishakur. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda darini kukagua nyaya.

Kule Kitengela, Muteti akaona mstari mpya. Jina la mke wake. Dirisha la nne limefungwa saa nne na dakika mbili. Limefunguliwa tena saa nne na dakika sita, mashine ya ofisi ya mitambo.

Akapiga simu. Mbeke hakuishika, alikuwa na watu. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu. Akasema moyoni, leo nitajua, na nitajua yote. Akaiamuru seva imtolee orodha nzima ya miezi mitatu, kila karani, kila mashine, kila dakika, ili aone ni mara ngapi mke wake na Abdishakur walikuwa chumba kimoja. Orodha hiyo akaielekeza iandikwe kwenye diski ileile ambayo maandishi ya Kajiado hutua.

Hilo kosa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halifanyi. Muteti mwenyewe alikuwa akiwafundisha wanaokuja mafunzoni: diski ya kupokelea usiiwekee hata picha. Lakini wivu haukwenda chuo. Orodha ikaandikwa, ikaandikwa, ikaandikwa, mpaka diski ikajaa pomoni. Kajiado ikauliza, umeandika? Kitengela haikuwa na pa kuandika. Kajiado ikangoja kadiri ilivyoagizwa na wazee saba, halafu ikazima, madirisha yote kwa pamoja.

*

Mbele ya kishubaka cha Mbeke alikuwa amesimama Kafiya, mnunuzi wa mbuzi, mwanamke wa makamo aliyejulikana soko zima. Alikuwa amechagua mbuzi arubaini na amewapaka rangi yake ya kijani mgongoni. Pale sokoni ukishampaka mbuzi rangi, muuzaji hawezi kumuuza kwa mwingine mpaka saa sita. Saa sita ikipita hujalipa, anafuta rangi yako na majivu mbele za watu, na baada ya hapo hakuna mtu atakayeikubali rangi yako tena. Kafiya alikuwa amepaka rangi kwa miaka kumi na sita na haijawahi kufutwa.

Walingoja. Saa tano ikapita. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Mbeke, dada yangu," Kafiya akasema kwa sauti ya chini. "Pesa ni yangu. Umeiona na macho yako kabla hii kitu izime."

"Nimeiona, mama. Lakini siwezi kutoa bila mtambo."

"Zamani mlikuwa mnaandika kwa karatasi."

"Zamani."

"Mimi sikuombi mkopo. Angalia saa."

Mbeke alikuwa ameiona akaunti dakika moja kabla ya kuzima: laki tatu na kitu. Kafiya alitaka laki mbili na elfu kumi na mbili. Mbeke akaenda kwa Madam Priscilla, akamkuta anatokwa jasho na simu mbili masikioni, akamweleza. Priscilla akafunika simu moja na kiganja.

"Fanya utu," akasema. "Lakini mimi sijasema."

Mbeke akarudi. Akaandika karatasi, nakala mbili, Kafiya akatia sahihi na kidole gumba juu yake. Akahesabu noti mara mbili. Kafiya alitoka mbio, ameinua baibui kwa mkono mmoja, na alifika sokoni dakika nane kabla ya saa sita.

Darini Abdishakur alikuwa ameshashuka zamani. Alijaribu laini ya Kitengela akaikuta nzima, ndipo akampigia Muteti.

"Ndugu, faiba iko sawa. Seva yangu inaniambia diski yako imejaa. Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu imejaa. Ni faiba. Hawa watu wa kuchimba barabara wamekata."

"Sawa," Abdishakur akasema. "Basi iungeni haraka. Watu wako kwa jua hapa."

Muteti alikuwa ameshaiona orodha yake na ukubwa wake. Kuifuta ilikuwa kazi ya sekunde moja. Hakuifuta. Alitafuta flashi, akaihamisha yote humo, saa moja na nusu nzima, kwa sababu alikuwa bado hajaisoma. Foleni ya Kajiado ikaendelea kusimama. Kajiado iliwaka saa saba kasorobo, na Muteti akaandika kwenye daftari la matukio: hitilafu ya mtandao.

*

Barua ilimfikia Mbeke siku ya tatu. Aliisoma kwenye basi, akaisoma tena nyumbani akiwa amesimama. Kutoa fedha nje ya mtambo ni kosa la kufukuzwa kazi. Asimame kando hadi kamati ya nidhamu imsikilize Ijumaa. Kafiya alikuwa amerudi siku ileile, karatasi yake ikaingizwa kwenye mtambo, hakuna hata senti iliyopungua, lakini wanachama walikuwa wamelalamika juu ya saa mbili za jua na kamati ilitaka kichwa cha mtu.

"Na Priscilla?" Muteti akauliza.

"Priscilla anasema hakumbuki nikimwambia kitu."

Ndani ya mfuko wa suruali ya Muteti mlikuwa na karatasi kumi na moja alizokuwa amechapisha kutoka kwenye ile flashi, zimekunjwa mara nne, na kalamu nyekundu imepita juu yake. Alikuwa ameshazisoma mara tatu. Hazikuwa na kitu. Mbeke na Abdishakur hawakuwahi kukaa mashine jirani zaidi ya dakika kumi, na siku ile ya soko Abdishakur hakugusa kompyuta yoyote hadi mtambo ulipozima. Unadhani alitulia? Alijiambia kwamba watu wajanja hawaachi alama.

"Mshahara wangu ndio unalipa nyumba," Mbeke akasema. "Wako unalipa shule na mkopo. Nikifukuzwa tunahama hapa kabla mwezi uishe. Unajua?"

"Najua."

"Ripoti yako inasema ni mtandao. Kama mtandao ulikatika, basi ni bahati mbaya, hakuna mtu wa kulaumiwa isipokuwa mimi niliyetoa pesa. Kama kuna mtu aliharibu, hapo wanaweza kunihurumia." Alikuwa hamwangalii. "Abdishakur amesema atakuja Ijumaa kunitetea. Anasema ako na karatasi ya kuonyesha haikuwa mtandao."

Muteti akainua kichwa. "Amekwambia hivyo lini?"

"Leo. Alinipigia."

"Ako na namba yako?"

Mbeke aliiweka barua mezani polepole, akaitandaza na kiganja. "Baba Mumbua," akasema, "nimekwambia nafukuzwa kazi. Umesikia namba ya simu."

Akaingia chumba cha pili na Mumbua, akafunga mlango. Muteti alibaki na ile barua. Usiku huo angelala kwenye kochi, na aliona anastahili. Lakini kilichomuuma zaidi si barua na si nyumba. Ilikuwa picha ya Abdishakur amesimama mbele ya kamati na viatu vyake safi, anamwokoa Mbeke, na Mbeke anamwangalia.

*

Kamati ilikaa watu watano, Mzee Nashon katikati. Mbeke aliketi upande mmoja na mkoba mapajani. Priscilla alisema sikumbuki mara nne. Kafiya alikuwa amekuja bila kuitwa, akakatazwa kuingia, akakaa nje kwenye benchi na kusema kwa sauti iliyosikika ndani kwamba hatoki.

"Bwana Muteti, umeandika ni mtandao," Mzee Nashon akasema. "Uko na kitu cha kuongeza?"

"Hapana, Mzee."

"Haya. Abdishakur, umeomba kusema."

Abdishakur akaanza kuinuka. Alikuwa na karatasi moja mkononi. Aligeuka kidogo akamtazama Muteti, si kwa ubaya, kama anayempa mtu nafasi apite kwanza mlangoni. Muteti alielewa kwamba jamaa alikuwa amekaa na siri yake siku zote hizo akimngoja aseme mwenyewe, na wema huo ukamchoma kuliko tusi.

"Keti," akamwambia. "Huyu ni mke wangu. Nitasema mimi."

Nisikudanganye kwamba aliguswa na dhamiri. Kama Abdishakur asingekuwa chumba kile, Muteti angenyamaza hadi leo. Ulikuwa wivu tu, uleule, ndio uliomsimamisha. Akasema diski ilijaa. Akasema aliijaza yeye. Wakamuuliza na nini, akatoa zile karatasi kumi na moja mfukoni na kuziweka mezani.

"Na orodha ya mke wangu," akasema. "Vile anafungua na vile anafunga. Hata kinga kamili niliwaambia mchague ndio nimwone haraka. Abdishakur aliwaambia ukweli siku ile. Inataka seva mbili. Mimi nilijua."

Mmoja wa wanakamati alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Mzee Nashon alizipitia karatasi bila kuelewa mistari, lakini wino mwekundu aliuelewa. Kisha akamsogezea Mbeke, maana aliona ni zake.

Mbeke alisoma. Kando ya kila siku mumewe alikuwa ameandika maneno mafupi. Amechelewa dakika 34. Mashine ya pili, kwa nini? Alipigiwa, akacheka. Alipofika hapo alikoma kusoma, na kila aliyekuwa chumbani aliona shingo yake ikibadilika rangi. Ule moyo uliokuwa ukijua anafunga saa ngapi, aliouringia mbele ya wenzake, ulikuwa huu hapa, na ulikuwa na tarehe.

Akageuza ukurasa wa saba. "Hapa umeandika, hakufungua siku nzima, yuko wapi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya dirishani, ile ya kumwambia mteja salio lake. "Tarehe kumi na nne. Nilikuwa hospitali hapa Kajiado na mama yako, kliniki ya macho. Tulitoka saa kumi. Aliomba usiambiwe kwa sababu ungesema hakuna pesa."

Muteti alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," Mbeke akasema. "Watu wako na kazi."

*

Kamati ilimrudisha Mbeke dirishani na onyo la maandishi. Muteti aliachishwa kazi siku hiyohiyo, akapewa sanduku la kubebea vitu vyake na hakuwa na vya kujaza hata nusu. Kinga ilibadilishwa ikawa ya pili. Kitengela ikinyamaza sasa, Kajiado hungoja kidogo, halafu huendelea na kazi zake. Abdishakur alituma ujumbe kwamba rafiki yake ana duka la kompyuta karibu na steji ya mabasi na anatafuta mtu wa kutengeneza. Muteti hakujibu kwa siku nne. Siku ya tano, mkopo wa mwezi ulipofika, akaenda. Analipwa kwa siku, na mwenye duka humwita fundi.

Mbeke hakuhama na hakumfukuza. Alilala na Mumbua. Alimsalimu asubuhi, akamwachia orodha ya vitu vya kununua, akaondoka alfajiri. Wapangaji wenzao wa ploti walijua kila kitu kabla ya juma kuisha, na mwanamke wa mlango wa pili alipompita Muteti kwenye mfereji alikuwa akiangalia saa yake ya mkononi na kutabasamu.

Jioni moja, mwezi wa pili wa hali hiyo, Mbeke aliingia saa moja na dakika tano. Muteti alikuwa amepika ugali na sukuma, na nyama kidogo. Alimkaribisha. Hakuuliza kitu. Alikuwa na majuma sita hajauliza kitu, na alidhani Mbeke ameona.

Mbeke alinawa, akaketi. Akala matonge mawili.

"Pale kituo cha mafuta kuna kibanda cha chai," akasema. "Nikishuka basi nakaa hapo. Nusu saa, siku zingine zaidi. Nimekaa hapo karibu miaka miwili."

"Na nani?"

Lilimtoka kabla hajalishika. Aliona uso wa mke wake ukifunga, na angelipa mshahara wa mwezi alirudishe lile neno kinywani.

"Peke yangu," Mbeke akasema. "Nanunua chai moja, naweka simu kwa mkoba. Nikimaliza ndio naweza kuja hapa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kukaa na mimi."

Mumbua aliomba maji, Muteti akainuka akamletea. Alipoketi tena chakula chake kilikuwa kimepoa. Alitaka kusema samahani, lakini alikuwa ameshaisema mara nyingi majuma hayo na ilikuwa haimnunulii kitu. Akatafuta neno jingine la kusema, na yote aliyoyapata yalikuwa maswali.

"Na siku hizi?" akauliza mwishowe. "Siku hizi sikuulizi. Bado unakaa?"

Mbeke akamega ugali, akauviringa vizuri mkononi.

"Siku hizi nakunywa mbili," akasema.